Jicho la Utoto na Jicho la Utu Uzima

Mtu anaporejea mahali alipocheza utotoni huona ua umekuwa mdogo, mwembe umekuwa mfupi, na ukuta aliouogopa kuuruka haumfiki kifuani. Hapana shaka ukuta haukupungua. Aliyeuogopa ndiye aliyeongezeka. Jambo hili ni jepesi kulikubali kwa ua na mwembe, lakini ni zito kwa vitu vilivyomfundisha mtu kucheka, kulia na kutamani ushujaa. Miongoni mwa vitu hivyo, kwa watu waliokulia mijini mwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, mikanda ya video ina daraja yake. Swali la maadili linalotokea ni hili: mtu mzima akitazama tena mkanda alioupenda utotoni, akaziona kasoro zake zote, je, ana haki ya kuucheka? Na akiucheka, anamcheka nani?

Maisha ya mikanda hiyo hayakuwa marefu. Mikanda ya aina ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na mashine za mwisho za kuichezesha zilitengenezwa mwaka 2016. Miaka arobaini tu, umri ambao mwanadamu huanza kuhesabu mvi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo katika nyumba nyingi televisheni haikuwa na kazi kubwa ila kuitumikia deki. Penye deki palikuwa na watu. Viatu vilijaa mlangoni, watoto walikaa mkekani, wakubwa vitini, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Mkanda uliazimwa na kuazimishwa mpaka rangi zikachuja na mistari ikapita juu ya nyuso za wachezaji. Ulipogoma, kichwa cha deki kilipanguswa kwa kitambaa chenye spiriti, na yaliyosalia yakaachiwa dua.

Kasoro za filamu hizo hazina maficho. Mathalan, katika filamu ya Kimarekani iitwayo Commando, ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anamtafuta binti yake aliyetekwa. Mtoto aliona mtu mmoja akilishinda jeshi zima, akaridhika kwamba ndivyo ilivyo haki, kwa kuwa steringi hafi. Mtu mzima huona mengine. Huona gari la manjano lililopondeka ubavu mzima, na baada ya muda mfupi likiondoka kama limetoka dukani siku hiyo. Huona kwamba baadhi ya askari wanaorushwa na mlipuko ni masanamu yaliyovikwa sare. Huona maadui wengi wakimimina risasi bila kulipata hata sikio la mtu mnene kama mbuyu. Je, mtoto hakuyaona hayo? Yamkini aliyaona, maana macho yake yalikuwa mazima kuliko ya leo. Ila hakuja pale kukagua magari.

Kicheko cha mtu mzima, basi, kina namna mbili. Kipo kicheko cha dharau, ambacho humtenga anayecheka na mtoto aliyekuwa yeye, husema, "Mimi si yule mjinga tena." Na kipo kicheko cha jamaa, kama cha watu wanaokumbushana vituko vya marehemu babu yao baada ya arobaini. Kicheko hiki cha pili hakifichi kasoro wala hakivunji undugu. Tofauti ya vicheko hivi haionekani wazi mpaka mtu agundue kasoro inayomgusa mwenyewe, na kwa hili kisa cha nyumba moja ya Dar es Salaam chafaa kuwa mfano.

Katika nyumba hiyo walikuwamo ndugu wawili, mkubwa wa miaka kumi na minne na mdogo wa miaka saba. Mkanda wao ulikuwa Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Ndani yake wezi wawili marafiki, Veeru na Jai, wanaochezwa na Dharmendra na Amitabh Bachchan, wanakodiwa na Thakur, mtu aliyekatwa mikono yote miwili, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua Kihindi. Ila kaka alidai anakijua, kwa kuwa ndiye aliyetumwa sukari katika duka la Mhindi. Basi akatafsiri filamu nzima, saa tatu na zaidi, bila kumeza mate. Jai alipopigwa risasi na kulala mikononi mwa rafiki yake, mdogo aliuliza kwa sauti ya kilio kama steringi amekufa. Kaka akajibu, "Amezimia tu. Anapelekwa Muhimbili." Ulipoonekana moto mkubwa wa kuchomea maiti, mdogo akauliza ni moto wa nini. Kaka akajibu, "Wanampikia mgonjwa uji." Mtoto akalala usingizi wa amani.

Miaka ikapita. Mdogo akawa mtu wa makamo, na kwa muda wote huo alibishana barazani na kila aliyesema Jai hufa. Kaka akafariki dunia. Ndipo siku moja mdogo akaitazama tena filamu ile, safari hii ikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Alicheka mpaka akashika mbavu alipofika mahali ambapo, kwa tafsiri ya kaka, Jai alikuwa akigombana na bibi mmoja juu ya kodi ya nyumba. Kumbe alikuwa akimposea rafiki yake mchumba. Alipofika kwenye kifo cha Jai kicheko kilikatika. Hapakuwa na Muhimbili, wala uji. Mtu mzima yule akawalilia watu wawili kwa mkupuo mmoja: mmoja aliyekufa katika picha, na mmoja aliyemficha kifo hicho.

Wala isidhaniwe kwamba kila kumbukumbu inayopingana na filamu ni uongo. Mtu huyo alikumbuka vilevile kwamba mwishoni Thakur alimuua Gabbar Singh kwa miguu yake, na wenzake wakamcheka, wakisema polisi walifika wakamzuia. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwisho wa kwanza ulipigwa marufuku na wakaguzi wa filamu wa India mwaka 1975, ukapigwa mwingine badala yake. Hata hivyo nakala za video zenye mwisho wa kwanza zilipita mikononi mwa watu, na mwaka 2025 filamu iliyotengenezwa upya ilionyeshwa na mwisho huo mjini Bologna, Italia. Basi kumbukumbu ni shahidi asiyefaa kuaminiwa upesi wala kufukuzwa upesi.

Lakini uongo wa kaka ulikuwa uongo. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba kusema kweli ni wajibu hata kwa muuaji anayeuliza alikojificha rafiki. Kwa mizani hiyo kaka hana utetezi: aliulizwa swali wazi, akajibu jambo lisilokuwa. Filamu yenyewe, hata hivyo, inaleta hoja ya upande wa pili. Jai ana sarafu ambayo huirusha kila linapotokea jambo la kuamua. Risasi zinapowaishia, anairusha ili ijulikane nani atabaki kuwazuia maadui na nani atakwenda kutafuta msaada. Inamwangukia yeye kubaki. Baada ya kifo chake Veeru anaitazama ile sarafu, akaona ina sura moja pande zote mbili. Rafiki yake alikuwa akimdanganya siku zote, na mara ya mwisho alimdanganya ili afe yeye badala yake.

Hapa pana kipimo kinachoweza kuwafaa wenye kupima maneno ya watu. Uongo mwingi hulipiwa na anayeusikia: mnunuzi hulipia uongo wa mwuzaji, na raia hulipia uongo wa mtawala. Uongo wa Jai ulilipiwa na Jai. Uongo wa kaka ulilipiwa na kaka, kijana wa miaka kumi na minne aliyemeza machozi yake gizani ili aendelee kutafsiri. Kipimo hiki hakiugeuzi uongo kuwa kweli, wala hakifuti deni. Mtoto akikua anadai kweli yake, na mwenye deni akifa, hulazimika kuichukua mwenyewe kama itakavyopatikana. Lakini kinamtenga aliyejitwika mzigo na aliyemtwika mwenzake.

Kipimo hicho hicho yafaa kiwekwe juu ya mapenzi ya mambo ya kale. Kumbukumbu nayo hurusha sarafu ya sura moja: zamani ikishindanishwa na leo, zamani hushinda kila mara. Filamu za kale ziliigizwa vizuri zaidi, watoto wa kale walikuwa na adabu zaidi, hata mistari ya mkanda ilikuwa na uzuri wake. Ni nani anayelipia uongo huu? Si yule anayekumbuka, maana yeye hupata faraja. Hulipia kijana anayeangalia video katika simu, akaambiwa anavyovipenda ni upuuzi, na mtu ambaye utotoni aliamini kwamba gari lililopondeka hujitengeneza lenyewe. Mapenzi ya kale yanayokubali kujicheka hayana dhara. Yakikataa, huwa ukali wa wazee wasiotaka kuonyesha upande wa pili wa sarafu.

Inasimuliwa kwamba mtu yule wa Dar es Salaam aliiweka filamu ile Jumapili moja kwa ajili ya binti yake wa miaka saba. Alimtafsiria maandishi, na alipofika kwenye ugomvi wa kodi ya nyumba alitoa tafsiri zote mbili, ya kweli na ya marehemu, na binti akaipenda zaidi ya marehemu. Kisha Jai akaanguka. Binti akauliza, "Baba, amekufa?" Jibu la Muhimbili lilikuwa ulimini mwake, tayari kabisa, likimngoja kwa miaka arobaini. Akasema, "Amekufa, mwanangu." Mtoto alinyamaza kitambo, akitazama picha. Halafu akasema, "Basi rudisha nyuma." Baba akarudisha, na Jai akasimama tena, mzima, na sarafu mkononi.