Nani Anamlisha Mwanachuoni?

Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri mjini Kufa. Wasimulizi wa maisha yake hulitaja jambo hili kwa haraka, kisha wakaingia kwenye fikihi, lakini mimi naona ndilo linaloeleza mengine mengi. Khalifa al-Mansur alipomtaka awe kadhi, alikataa. Akatiwa gerezani, na mwaka 767 akafariki Baghdad. Riwaya nyingi zinasema mauti yalimkuta kifungoni. Riziki yake haikutoka katika hazina ya khalifa, kwa hiyo khalifa hakuwa na cha kumnyima ila uhuru wake na uhai wake.

Mwaka 833 khalifa mwingine, al-Ma'mun, aliamuru makadhi na wanazuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa. Wengi walikiri. Ahmad bin Hanbal alikataa, na baada ya al-Ma'mun kufa alipigwa mijeledi mbele ya al-Mu'tasim, naye bado akakataa. Mtu huyu aliishi kwa kodi ndogo ya nyumba alizorithi kwa baba yake. Miaka ilipopita akaja al-Mutawakkil, aliyeifuta amri ile na kumheshimu, akampelekea mali. Ahmad hakuitaka, na wanawe walipopokea chao aliudhika nao. Mjeledi wa adui na zawadi ya rafiki alivipima kwa mizani moja, na mimi kila nikilisoma tukio hili huona kwamba la pili lilikuwa gumu zaidi.

Tumezoea kusimulia siasa katika Uislamu kama habari za watawala: nani alimrithi nani, nani aliteka mji upi. Naamini sehemu kubwa ya nguvu ya dini hii katika jamii ilikaa kwingine, kwa watu ambao mtawala hakuwaajiri, na katika mali ambayo mtawala hakuimiliki. Si kila mwanachuoni alikuwa na biashara ya hariri au nyumba za urithi. Aliyekuwa hana, aliwekewa wakfu.

Chanzo chake kinajulikana. Umar bin al-Khattab alipata ardhi Khaibar, akamwuliza Mtume afanye nini nayo, akashauriwa aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Kutokana na hapo mafakihi walijenga sheria pana: mwenye mali anaandika hati, anataja manufaa yaende kwa nani, anateua msimamizi, na sharti lake linaheshimiwa karibu kama nassi. Akishaifunga mali hiyo si yake tena. Haikuwa ya sultani pia, na hapo ndipo siasa ilipoingia. Kisima, hospitali, daraja, madrasa, chakula cha wanafunzi, mshahara wa mwalimu, vyote viliweza kuendelea wakati utawala ukianguka na mwingine ukisimama.

Ibn Battuta alifika Damascus mwaka 1326 na akastaajabia wingi wa wakfu za mji ule. Palikuwa na wakfu ya kuwagharimia wasioweza kwenda Hija, ya kuwaozesha mabinti wa masikini, ya kuwakomboa mateka, ya kutengeneza njia. Siku moja alimwona mtumwa mdogo amevunja sahani ya Kichina barabarani, watu wamemzunguka. Mmoja akamwambia avikusanye vipande avipeleke kwa msimamizi wa wakfu ya vyombo. Akapewa thamani ya sahani, akanunua nyingine, akaokoka na kipigo cha bwana wake. Napenda kumfikiria mtu yule asiyejulikana aliyekaa siku moja akawaza hofu ya mtoto mwenye kuvunja sahani, kisha akaifungia mali yake kwa ajili ya hofu hiyo. Na bado, kijana yule alibaki mtumwa. Huruma ile iliokoa mgongo wake bila kugusa utumwa wenyewe, na anayeisifu historia hii hana budi kulisema hilo pia.

Wala wakfu haikuwa safi siku zote. Wapo waliozifunga mali zao kwa wana wa kiume ili binti wasipate fungu waliloandikiwa na Qur'ani. Wapo wasimamizi waliokula kodi hadi paa likadondoka. Watawala nao waliona upesi faida ya kuwalisha wanazuoni kwa mlango huu. Waziri Nizam al-Mulk alipoanzisha madrasa yake Baghdad miaka ya 1060 na kuiwekea wakfu, alitaka pia wasomi watakaoutetea utawala aliokuwa akiutumikia. Al-Ghazali alifundisha pale tangu 1091, akiwa na jina kubwa kuliko wote, na mwaka 1095 akaiacha nafasi ile. Mjini al-Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka nadhiri kwamba hatakwenda tena kwa mtawala wala hatapokea mali yake.

Misri inaonyesha kinachotokea mali hii ikiondoka. Wanazuoni wa al-Azhar walikuwa na uzito wa kutosha kuwaongoza watu wa Kairo, na mwaka 1805 Umar Makram na wenzake ndio waliompandisha Muhammad Ali madarakani. Miaka minne tu baadaye Muhammad Ali alianza kuzitoza ardhi za wakfu, Umar Makram akapinga, akapelekwa uhamishoni Dimyati. Ardhi nyingi za wakfu zikaingia mikononi mwa dola. Dola za karne ya 20 zilifuata njia hiyo hiyo: Uturuki ikaifuta wizara ya wakfu 1924, Misri ikazifuta wakfu za familia 1952, Tunisia ikafuata kuanzia 1956. Mwaka 1961 al-Azhar ikawekwa kwa sheria chini ya serikali. Sheikh akawa mwajiriwa, kisha watu wakashangaa kwamba fatwa zinafanana na taarifa za ikulu.

Kwetu pwani, wakoloni wa Kiingereza walipita kwa mlango wa mahakama. Masultani wa Zanzibar walikuwa Maibadhi na raia wao wengi Mashafii, na kulikuwa na makadhi wa madhehebu zote mbili. Waingereza waliziweka wakfu za Unguja na za pwani ya Kenya chini ya kamisheni. Tena mahakama yao ya juu kule London ilikwisha amua mwaka 1894, katika kesi ya India, kwamba wakfu inayowalisha kwanza jamaa wa mwenyewe, masikini wakaja mbali kabisa, haifai. India ilipata sheria ya kulirekebisha hilo 1913, kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama ile ile iliutumia mtazamo wake wa zamani katika kesi ya Afrika Mashariki. Kwa mtu wa pwani, kumlisha jamaa yake ni sadaka. Hakimu wa London hakuiona sadaka pale.

Mwaka 2010 Wakenya walibishana vikali juu ya mahakama za kadhi kubaki katika katiba, na zikabaki. Kadhi wa leo analipwa na serikali, na sina ugomvi na hilo, kwa kuwa ndoa, talaka na mirathi ni haki za raia. Anayenishughulisha ni imamu na mwalimu wa chuo. Wengi wao wanaishi kwa mchango wa Ijumaa, kwa ukarimu wa tajiri mmoja wa mtaa, au kwa bahasha ya mgombea anayekumbuka msikiti miezi miwili kabla ya kura. Mwalimu mwenye watoto wanaosubiri unga simlaumu akinyamaza.

Ningependa kila msikiti wenye nyumba na maduka ya wakfu ubandike hesabu zake mlangoni: yako mangapi, nani amepanga, kwa kodi gani, na kodi hiyo imekwenda wapi. Duka la wakfu likilipiwa nusu ya duka la jirani, waumini wapate kuuliza. Na wenye uwezo, ambao leo wanachangia mnara wa tatu katika mtaa mmoja, wafunge badala yake nyumba moja ya kupangisha kwa mshahara wa mwalimu, na katika hati waandike sharti kwamba asiondolewe kazini kwa sababu ya hotuba aliyoitoa.