Usimcheke Anayekwenda Kupima

Wajukuu zangu, utani wenu wa kijiweni unanifikia. Mwenzenu akipungua mwili kidogo, mnasema kakanyaga miwaya, yaani ana Ukimwi. Akionekana anatoka kituo cha afya, basi kafuata njugu, mkimaanisha dawa zake. Mnacheka, mnagongana mikono, kisha kila mmoja anapakia abiria wake na kusahau. Anayetaniwa hasahau. Na yule aliyekaa pembeni kimya, aliyekuwa amepanga kwenda kupima kesho yake, naye amesikia. Kesho haendi.

Nasema haya kama mtu aliyekulia Kagera akauona ugonjwa huu ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Vita ya Idi Amin ilikuwa imekwisha miaka michache tu kabla ya hapo, na magendo ya mpakani yalikuwa yamechangamka. Kulikuwa na nguo zilizovushwa kutoka Uganda zikiitwa Juliana, na katika walioanza kukonda na kufa, wengi walikuwa vijana wa biashara hiyo. Watu wakauita ugonjwa wenyewe Juliana. Wengine wakasema hao wamerogwa na wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa. Sasa tazameni jambo hilo lilivyotuponza: mkulima wa migomba, mke wake, mwalimu, karani, kila mmoja alijiona yuko salama kwa kuwa hakufanya magendo wala hakumdhulumu mtu. Hakuna aliyejilinda. Muda si muda matanga yakawa yanapishana kijijini, na bibi waliokwisha kulea watoto wao wakaanza upya na wajukuu. Baadhi ya wajukuu hao ndio baba na mama zenu.

Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitokeza hadharani akasema ana virusi. Alizunguka mashuleni na makanisani, mwili umekwisha kudhoofika, akiwaambia vijana wajihadhari. Wako waliosema anatafuta umaarufu! Mtu anakufa, anaambiwa anajitangaza. Alifariki Desemba ya mwaka huohuo.

Dawa za siku hizi hazikuwapo wakati ule. Hapa kwetu serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Leo mwenye virusi akimeza vidonge vyake kila siku, mpaka kipimo kisivione tena virusi kwenye damu, anafanya kazi, anazaa, anazeeka, wala hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Sheria ya mwaka 2008 nayo inakataza kumnyanyapaa. Lakini sheria haiketi kijiweni, mnaoketi ni ninyi.

Mnaikumbuka habari ya Loliondo? Mwaka 2011 watu wengi mno, pengine wengi wenu mlikuwa wadogo, waliacha shughuli zao wakaenda kijiji cha Samunge kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi porini. Wako walioacha dawa za hospitali kwa kuamini wamepona, na ikawagharimu. Mengi yamesemwa kuhusu ujinga wa watu wale. Mimi naliona lingine. Katika foleni ya Samunge hapakuwa na aliyemwuliza mwenzake anaumwa nini. Waziri, mchuuzi, mwenye sukari na mwenye virusi, wote walikunywa kikombe kilekile. Mtu anayeona haya kuonekana mlangoni pa CTC, kliniki ya wenye virusi, umbali wa dakika chache kutoka kwake, alisafiri mikoa mitatu kwenda mahali ambapo hatanyooshewa kidole. Kilichomsukuma porini kilianzia kwenye vinywa vya majirani zake.

Na msidhani nazungumzia Ukimwi peke yake. Presha haiumi. Unaweza kuwa nayo miaka, unabeba mizigo, unacheza mpira, siku moja unaamka upande mmoja wa mwili haukutii. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine kikasoma hivyohivyo, hiyo ni presha, na haiangalii umri kama mnavyofikiri. Kijana akisema anakwenda kupimwa, mnamwita mzee. Akiacha kumwagia chumvi chipsi zake, mnasema anajidai. Waache wajidai! Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Vinywaji vya kuwakeshesha barabarani sitavizungumzia sana. Ninyi wenyewe mnajua moyo unavyokwenda mbio baada ya kopo la pili. Laleni.

Kikohozi kikivuka wiki mbili, nenda kapimwe kifua kikuu. Dawa zake ni bure, kwa kawaida unazitumia miezi sita, na baada ya wiki chache za kuzimeza sawasawa wengi hawaambukizi tena. Basi ya nini kumtengea mwenzako kikombe mwaka mzima? Mwenye virusi naye, sahani yake haimpi mtu ugonjwa, wala mkono wake, wala kitanda alichokalia. Kondomu vaa, na usingoje mpaka mkeo apimwe kliniki ya wajawazito ndipo nawe ujue hali yako kwa kupitia kwake. Wanaume wa hapa tuna tabia hiyo, na haifai.

Ukienda kumwona mgonjwa, usimpelekee hadithi za waliokufa kwa ugonjwa kama wake. Sijui nani aliwafundisha watu hilo. Usimpige picha ukaiweka kwenye simu ili uonekane umefika. Usimwulize aliupata wapi. Chukua ndoo ukamtekee maji, mpikie uji, na kama siku yake ya kufuata dawa imefika, mpeleke kwa pikipiki yako na nauli umsamehe. Akikuambia siri yake, ikae kwako, hata mtakapogombana. Hasa mtakapogombana, maana hapo ndipo siri nyingi hutoka.

Na wewe siku yako ya kupima ikifika, nenda mchana, uonekane. Ukimkuta jirani kwenye benchi, msalimie, mwulize habari za nyumbani, mwulize kama senene wameanza kuruka upande wao. Alichofuata pale usimwulize.