Siku Saba za Marafiki wa Ayubu

Ndugu zangu wa Nyamityobora, nanyi mliotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale mkapanga vyumba hapa Mbarara, fungueni Ayubu sura ya pili, mwisho wake. Tumezoea kuwasema vibaya Elifazi, Bildadi na Sofari. Mimi leo naanza kwa kuwasifu. Walitoka mbali. Walipomwona mwenzao hawakumtambua kwa madonda, wakalia, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Siku saba! Nani hapa amewahi kukaa na mgonjwa saa moja asimweleze kwa nini anaumwa? Waliharibu siku walipofungua vinywa.

Na vyetu, jamani, vimefunguka mno.

Mnaukumbuka mwaka 2023. Fedha za Shirika la Chakula Duniani zilipungua, wakimbizi walioko Uganda wakagawanywa makundi matatu: hawa wapate zaidi, wale kidogo, wale wengine wasipate kitu. Ile ilikuwa hesabu ya upungufu. Sisi tukaigeuza kiti cha hukumu. Wa kundi la kwanza tukamwita mwongo, wa kundi la tatu tukamwambia ana hela kafukia. Mama akionekana anauza mahindi yake ya mgao, kesi imekwisha: kwake kuna mlevi. Nani alimuuliza kama anatafuta hela ya kusagia yale yaliyobaki, au ya dawa ya mtoto?

Kisha ikaja tarehe 20 Januari 2025. Rais wa Marekani akatia sahihi amri, safari za wakimbizi za kwenda kuishi kule zikasimama. Wapo waliokwisha kupita mahojiano na vipimo, wakauza hata masufuria, wakaaga. Wakarudi kukaa chini katika nyumba tupu. Na sisi watu wa maombi tukawapelekea nini? Tukawaambia wachunguze nyumba yao, huenda kuna dhambi iliyofichwa. Kalamu imeandika Washington, sisi tunamtafuta mwenye kosa Base Camp, kule Nakivale!

Bwana Yesu mwenyewe alitaja msiba wa namna hii. Someni Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, na wasikilizaji walikuwa tayari na jibu lao. Akawakatalia. Waliokufa hawakuwazidi wenzao kwa uovu, akasema, kisha akawageuzia neno la toba wao wenyewe, waliosimama wazima wakihesabu maiti.

Najua mtaniuliza: Mchungaji, basi dhambi tusiikemee? Ikemeeni. Lakini Paulo, anapowaagiza Wagalatia wamrejeze aliyeanguka, anatumia neno la Kigiriki lile lile ambalo Marko analitumia kwa wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Nendeni ziwa Nakivale mkamtazame mvuvi na wavu uliochanika. Haupigi. Hauanikii njiani watu waucheke. Anaketi, anauweka mapajani, anatafuta tundu kwa vidole, polepole, maana kesho anauhitaji. Hivyo ndivyo dada aliyekuja na mimba asiyotaka kuieleza anavyopaswa kushikwa na kanisa. (Nasi wahubiri tusijitoe. Mimbari ina masengenyo yake, tunayaita ushuhuda.)

Na bado tunahukumiana: Mkongomani anamnyooshea kidole Mrundi, Mrundi Mnyarwanda, wa mjini anamcheka wa kambini, na wote walifika huku na kifurushi kichwani, wakapokewa na watu wasiowajua.

Nawasihi kwa jina la Yesu, kabla ya Jumapili ijayo nenda kwa yule uliyekwisha kumhukumu. Unamjua, jina lake limekujia sasa hivi. Chukua unga, au sabuni, au mikono mitupu. Kaa chini. Akikueleza, sikiliza. Asipokueleza, muoshee vyombo, mchotee dumu la maji. Omba naye sala fupi isiyo na mafumbo ya kumchoma. Kisha rudi nyumbani, na wakikuuliza njiani umekuta nini kule, waambie umekuta mtu.