Utafiti wa Mwanafunzi: Ngazi au Taa?

Nyumba ya elimu ina milango mingi, lakini mlango wa chuo kikuu ni mwembamba. Wabishao hodi ni wengi na viti vya ndani ni vichache. Na penye hali kama hiyo kila mtu hujiuliza achukue nini mkononi ili afunguliwe mbele ya mwenzake. Katika Tanzania jibu la zamani lingali na nguvu: kijana atokaye kidato cha sita hupimwa kwa ufaulu wa mtihani wake. Lakini katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye ushindani mkubwa alama njema peke yake hazitoshi; mwombaji huulizwa pia amefanya nini kwa hiari ya nafsi yake. Hapo ndipo utafiti wa mwanafunzi ulipopata bei. Hata kwetu, tangu shirika la Young Scientists Tanzania lilipoanzishwa mwaka 2011, wanafunzi wa sekondari huonyesha tafiti zao mbele ya waamuzi, na washindi wamepata udhamini wa masomo ya chuo kikuu.

Hali hii imezaa swali ambalo ni la maadili kuliko la shule. Je, yafaa mtu autafute ukweli kwa sababu anatafuta kiti? Wako wakali wasemao kuwa haifai. Kwamba aendaye kwa ukweli akitaka faida ni kama mtoto amtembeleaye mzazi mgonjwa akiuwaza urithi. Wako wapole wasemao kuwa nia ni siri ya moyo, na kwamba maji ya kisima hayawi machungu kwa kuwa mchimbaji alilipwa ujira. Naona kila upande umeshika ncha moja ya kamba.

Wakali husahau kuwa usafi wa nia ni fahari nyepesi kwa mtu aliyekwisha kuketi. Mtoto wa mvuvi wa Igombe au Kayenze, katika wilaya yetu ya Ilemela, ambaye baba yake hana rafiki katika ofisi yoyote wala fedha ya kumwajiria mwalimu wa ziada, akikatazwa kutumia kazi ya akili yake kujipatia nafasi, anaambiwa nini isipokuwa abaki alipo? Mkulima hulima kwa kutaka mavuno, wala hatusemi kuwa jembe lake limenajisika. Kutaka kusoma ni haja njema, na haja njema haigeuki aibu kwa kuwa inatafuta njia.

Wapole nao husahau kuwa ziko kazi ambazo nia ya mtendaji haikai moyoni, bali huingia ndani ya kazi yenyewe. Seremala mwenye pupa akiunda kiti kibovu, kiti huanguka na kila mtu huona. Mtafiti akiandika hesabu ya uongo, ukurasa wake husimama wima kama ukurasa wa kweli. Hakuna aukaliaye akaanguka papo hapo. Utafiti huishi kwa uaminifu wa mtu aliyekuwa peke yake wakati wa kupima. Kwa hiyo hatari haipo katika kutaka kiti. Ipo katika saa ile ambayo kiti huvuta huku na ukweli huvuta kule.

Mfano wa jambo hili tunao nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, aliona kuwa maziwa aliyoyatia katika jokofu yakiwa moto, ili kutengeneza aiskrimu, yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, alirudia swali lake akachekwa, na elimu yake ikafanyiwa mzaha kuwa ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Hakuliacha. Alipofika mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kijana alisimama mbele ya wenzake akauliza tena, nao wakamcheka tena. Osborne hakucheka; alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lile lijaribiwe. Fundi wa maabara alileta habari kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi!

Maneno ya fundi yule yafaa kuwekwa juu ya meza ya kila mwanafunzi. Hakuwa mwongo, alikuwa mtu aliyejua jibu kabla ya kuuliza, na kila ajuaye jibu mapema huyaona macho yake mwenyewe kuwa yamekosea. Mpemba na Osborne walichapisha kazi yao mwaka 1969. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea utunzaji wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na kazi ya wanyamapori ndiyo aliyoifanya baadaye. Swali lake halikumfanya mwanafizikia. Hata hivyo jina lake limo katika vitabu vya dunia, na wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu ya jambo lile, na hata juu ya kuwapo kwake. Aliuliza pasipo kuona kiti chochote mbele yake. Ndiyo sababu kicheko hakikuweza kumnyang'anya kitu.

Sasa tumfikirie binti wa leo, ambaye si mtu fulani bali ni mfano. Yuko kidato cha tano Bwiru, na anataka kujua kama dagaa walioanikwa juu ya vichanja hukauka upesi kuliko walioanikwa mchangani. Swali lake ni jema, kwa maana mvua ikiwanyeshea dagaa wa mchangani, wanawake waliowanunua kwa mkopo hupata hasara kubwa. Lakini dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki na mitumbwi mingi hupumzika. Binti hungoja giza lirudi. Hungoja tena mvua zipite. Kumbe vyuo vingi vya Marekani hufunga kupokea maombi mwanzoni mwa Januari, na mwezi wa mbinguni haujui tarehe hiyo. Amepima mara nne. Alikusudia mara kumi na mbili. Tena vipimo vinne vimepingana: mara mbili kichanja kimeshinda, na mara mbili hakuna tofauti. Ni nani atakayejua akiandika kumi na mbili?

Hapa ndipo mtu hupimwa. Akiandika nne, na kwamba jibu bado halijaonekana, utafiti wake ni mdogo lakini ni utafiti. Akiandika kumi na mbili, hana utafiti tena. Ana barua ya maombi iliyovaa nguo za utafiti.

Mtu atasema kuwa uongo wa mtoto wa shule haumdhuru mtu. Na tulitazame ziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 wakiwahesabu na kuwapambanua furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia. Sangara, walioingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, waliongezeka ghafula katika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Tunachokijua juu ya hasara ile tunakijua kwa kuwa watu walihesabu kwa uaminifu kabla haijatokea. Hakuna awezaye leo kurudi kuwahesabu samaki wa mwaka 1978. Hesabu iliyopotoka siku yake haina siku ya pili.

Liko deni jingine lisiloandikwa katika fomu yoyote. Wanawake wa mwaloni wamempa binti nafasi juu ya mchanga wao, muda wao, na maarifa waliyoyapata kwa miaka mingi. Akiichukua elimu hiyo akavuka nayo bahari, asirudi kuwaambia alichokiona, amefanya kama mgeni aliyekula akaondoka pasipo kuaga. Jibu, hata likiwa nusu, ni lao kabla ya kuwa la waamuzi.

Na wenye mali je? Mwaka 2023 waandishi wa habari wa Marekani walieleza juu ya kampuni zinazowatoza wazazi maelfu ya dola ili watoto wao wa sekondari waongozwe katika utafiti na kusaidiwa kuuchapisha. Kuongozwa si kosa. Mpemba naye alimhitaji Osborne. Lakini Osborne alilikuta swali limekwisha kuzaliwa. Kununua mwongozo ni kununua fimbo ya kutembelea. Kununua swali pamoja na jibu lake ni kumlipa mtu atembee badala yako, kisha ukadai umechoka.

Wenye kuamua wana sehemu yao ya lawama. Wakisifu matokeo makubwa tu, watapewa matokeo makubwa, ya kweli na ya uongo. Heri wamwulize kijana ni wapi aliposhindwa, ni nini kilichomshangaza, na ni nani aliyemfundisha asilolijua. Aliyefanya kazi kwa mikono yake ana mengi ya kusema juu ya kushindwa kwake. Aliyenunua hana hata moja.

Basi utafiti waweza kuwa ngazi, wala si haramu kupanda. Lakini kwanza uwe taa. Binti wa Bwiru aandike nne. Yamkini atakosa kiti mwaka huu. Mwezi utaandama tena, giza litarudi ziwani, mitumbwi itatoka, na vipimo vinane vilivyobaki vitakuwa vikimngoja.