Somo la 8: Kwa Mwendo wa Watoto

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Kor. 9:24–27, Mwa. 33:1–17, Kum. 1:29–31, Hos. 11:1–4, Isa. 40:11, 28–31; Mk. 10:13–17, 32, Lk. 23:54–56, Ebr. 12:1–3, 12, 13.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 33:14. Lisome polepole kwa sauti, kisha likariri pamoja na watoto wa nyumbani mwako.

Ijumaa moja asubuhi, familia ya watu watatu ilipanda basi Singida mjini kwenda Dodoma. Baba alikuwa amejiandikisha kukimbia mbio za kilomita 21 zilizopangwa kuanza Jumapili alfajiri. Kwa miezi minne alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri na kukimbia karibu na Ziwa Singidani kabla ya kwenda kazini. Mpango wao ulikuwa mzuri: wafike mchana, achukue namba yake ya mkimbiaji kabla jua halijazama, waitunze Sabato pamoja na waumini wa Dodoma, kisha Jumapili akimbie huku mama na mtoto wakimsubiri mwisho wa njia.

Baada ya kupita Ikungi, binti yao wa mwaka mmoja na miezi minane alianza kutapika. Walipofika Manyoni mwili wake ulikuwa wa moto, naye hakutaka hata kunyonya. Mama akafunga mzigo wake, akasema, “Baba, sisi tunashuka hapa. Wewe endelea. Akipata nafuu tutakufuata.” Ruhusa alikuwa amepewa. Nauli yake ilikuwa imelipwa mpaka Dodoma, na basi lilikuwa karibu kuondoka.

Juma hili tutajifunza juu ya safari ya imani, ambayo Biblia huiita mbio, na juu ya wadogo na wadhaifu tunaosafiri nao. Je, hao ni kizuizi cha mbio zetu, au ni sehemu ya mbio zenyewe?

JUMAPILI
Mbio Zinazohesabu Sekunde

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anataja mambo gani ambayo kila mkimbiaji wa kweli anayajua?

Wakorintho waliifahamu michezo. Karibu na mji wao yalifanyika mashindano maarufu ya Isthmia, na Paulo hakuhitaji kuwaeleza maana ya mazoezi, kiasi na taji. Sisi nasi tunafahamu. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa saa 2:09:48. Aliyemfuata, Amanal Petros wa Ujerumani, aliandikiwa muda huohuo. Baada ya kilomita 42, waamuzi walilazimika kutazama picha ili kujua nani alitangulia, na tofauti yao ilikuwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Ushindi wa namna hiyo hauji kwa bahati. Nyuma yake kuna miaka ya kujinyima. Paulo anauliza kwa nini sisi tunaotafuta taji isiyoharibika tuwe wavivu kuliko watafutao taji inayonyauka. Bidii ni ya lazima.

Hata hivyo, angalia tofauti moja. Uwanjani mmoja tu hupewa dhahabu. Katika 2 Timotheo 4:7, 8, Paulo huyohuyo anasema kwamba taji aliyowekewa si yake peke yake, bali ni ya wote wanaopenda kufunuliwa kwake Bwana. Katika mbio hizi ndugu yangu akifika, mimi sijapoteza kitu. Kwa hiyo naweza kupunguza mwendo nikamshika mkono, na taji yangu isipungue.

Je, ni katika jambo gani unakimbia kana kwamba taji ni moja tu, nyumbani au kanisani?

JUMATATU
Yakobo Akataa Haraka

Soma Mwanzo 33:1–14. Esau alipendekeza nini, na Yakobo alitoa sababu gani ya kutokwenda pamoja naye?

Usiku uliotangulia Yakobo alishindana na mgeni wa mbinguni, na asubuhi alikuwa akichechemea. Mbele yake alisimama Esau na watu 400. Hofu ya miaka 20 ikaishia katika kukumbatiana na machozi. Kisha Esau, kwa moyo mwema, akasema waondoke na kusafiri pamoja.

Yakobo akatazama nyuma. Aliona watoto, na mkubwa kati yao alikuwa bado kijana. Yusufu alikuwa mtoto wa miaka michache tu. Aliona kondoo na ng’ombe wanaonyonyesha. Akamweleza kaka yake kwamba wanyama hao wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Esau atangulie; yeye atafuata polepole, kwa mwendo wa kundi na kwa mwendo wa watoto.

Ni kweli kwamba Yakobo hakufika Seiri, bali aligeukia Sukothi (Mwanzo 33:17), na wapo wanaoona kwamba alikuwa akitafuta udhuru. Lakini sababu aliyoitaja ilikuwa kweli, na kila mchungaji wa Singida anaijua: kundi halitembezwi kwa kasi ya dume lenye nguvu. Kiongozi wa msafara ndiye mwenye nguvu kuliko wote, lakini mwendo huamuliwa na yule aliye dhaifu kuliko wote.

Tukumbuke pia kwamba aliyesema hivyo alikuwa mtu wa haraka maisha yake yote. Alimshika kaka yake kisigino tumboni, akanunua haki ya mzaliwa wa kwanza, akaukimbilia mbaraka kwa hila. Penieli ilimfundisha kuchechemea, na mtu anayechechemea huanza kuwaona wanaobaki nyuma.

Ni udhaifu gani ambao Mungu ameutumia kukufanya uwaone watu uliokuwa ukiwapita?

JUMANNE
Mungu Atembea Hivyo

Soma Kumbukumbu la Torati 1:29–31. Hosea 11:1–4 na Isaya 40:11. Katika mafungu haya, Mungu anafanya kazi gani za mzazi?

Tungeweza kufikiri kwamba Mwenyezi hutembea kwa mwendo wake, na atakayechoka abaki. Lakini Musa anawakumbusha Israeli kwamba jangwani Bwana aliwabeba kama mtu ambebavyo mwanawe. Hosea anaongeza picha nyingine: Mungu akimfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono yake. Yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto hatua za kwanza anajua kazi hiyo. Unainama mpaka mgongo unauma. Unampa kidole kimoja, naye anakikamata chote. Hatua tatu, anakaa chini. Anaokota jiwe, anakuonyesha. Unaanza tena.

Katika Isaya 40, picha mbili zimewekwa katika sura moja. Mwishoni mwa sura wapo wanaopiga mbio wasichoke. Fungu hilo tunalipenda, hata kwenye fulana za wakimbiaji tunaliandika. Lakini kabla yake, katika fungu la 11, yupo Mchungaji anayewakusanya wana-kondoo mikononi mwake na kuwaongoza polepole wale wanyonyeshao. Anayetoa nguvu za kukimbia ndiye huyohuyo anayetembea polepole na kina mama. Nguvu tunazopewa kwa kumngojea Bwana si za kuwaacha wengine tu. Ni za kuwabeba pia.

Je, ni lini uligundua kwamba Mungu alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili yako?

JUMATANO
Alisimama Njiani

Soma Marko 10:13–17 na fungu la 32. Yesu alikuwa akielekea wapi, na alifanya nini watoto walipoletwa kwake?

Yesu alikuwa katika safari kubwa kuliko zote. Mbele yake palikuwa na Yerusalemu na msalaba, na Marko anasema alikuwa akiwatangulia wanafunzi hata wakashangaa. Mtu mwenye safari kama hiyo angeweza kusamehewa kama asingekuwa na nafasi kwa watoto. Wanafunzi walifikiri wanamsaidia walipowakemea wazazi. Yeye alichukizwa. Akawakumbatia watoto, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Baada ya hapo ndipo akashika tena njia.

Hakuiacha safari ya msalaba ili awabariki watoto. Kuwabariki kulikuwa ndani ya safari hiyo, kwa sababu aliiendea Yerusalemu kwa ajili yao.

Sasa turudi Manyoni. Baba yule alisimama mlangoni mwa basi akiwa na mkoba wa viatu vyake vya kukimbilia mkononi. Baadaye alikiri kwamba alihesabu: akiendelea, anafika na kuchukua namba, mtoto ana mama yake, hata hivyo si yeye daktari. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndipo binti akanyoosha mikono kutoka mgongoni kwa mama yake, akitaka kubebwa na baba. Akashuka.

Kituo cha afya kiliwapa dawa na maji ya ORS, na mhudumu akasema mtoto asisafirishwe siku hiyo. Familia moja ya kanisa iliwapokea kabla jua halijazama.

Ni nani anayekunyooshea mikono wakati wewe unahesabu muda?

ALHAMISI
Kazi Iliyoachwa Nusu

Soma Kutoka 16:22–30 na Luka 23:54–56. Siku ya Maandalio ina kazi gani? Wanawake waliomfuata Yesu walifanya nini jua lilipozama?

Mungu alitoa mana ya siku mbili siku ya sita ili Sabato iwakute watu wametulia. Maandalio ni zawadi. Kila familia yenye mtoto mdogo inajua kwamba nguo, chakula na maji visipoandaliwa mapema, Sabato huanza kwa kelele.

Lakini kuna Ijumaa ambazo mipango yote huvunjika. Wanawake wa Luka 23 waliandaa manukato, kisha jua likawakuta kazi haijakwisha. Ilikuwa kazi ya upendo, kwa ajili ya Bwana mwenyewe. Wakaiacha nusu, wakapumzika kama ilivyoamriwa. Sabato haikuwangoja wamalize. Hutujia hata tukiwa na kazi mikononi, na kutuambia kwamba ulimwengu unashikiliwa na mwingine.

Sabato asubuhi, rafiki mmoja alimpigia baba yule simu kutoka Dodoma. Namba zilikuwa zikitolewa mpaka jioni. “Nitumie ujumbe tu nikuchukulie, uje usiku.” Mtoto alikuwa amelala, homa imeshuka. Baba akajibu, “Asante, ndugu yangu. Leo ni Sabato, na binti yangu bado hajapona vizuri. Acha tu.” Alipokata simu, mkewe aliona kwamba machozi yalikuwa karibu. Miezi minne si kitu kidogo, na ada haikurudishwa.

Hatukusimulia habari hii ili kuahidi kwamba anayetunza Sabato hurudishiwa kila alichokosa. Mara nyingine hakirudi. Tunachoahidiwa ni Bwana wa Sabato mwenyewe, aliyepumzika kaburini siku ile wanawake walipopumzika nyumbani.

Ni kazi gani nzuri ambayo ni vigumu kwako kuiweka chini jua linapozama?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu usiku wa mapambano ya Yakobo katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii. Kisha soma Waebrania 12:1–3, 12, 13.

Mara nyingi tunaishia fungu la 3, penye mbio na wingu la mashahidi. Tukiendelea tunakuta kwamba mwandishi anawatazama wenye magoti yaliyopooza, na anawataka wakimbiaji wanyooshe njia ili aliye kiwete asipotoshwe, bali aponywe. Njia ya mbio za imani lazima ipitike hata na anayechechemea.

Watanzania wanamkumbuka Simbu aliyefika wa kwanza Tokyo. Wanamkumbuka pia John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968 huko Mexico City alianguka na kuumia goti, lakini akaendelea mpaka mwisho, akifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Kama wanadamu wanaweza kuwaheshimu wote wawili, Baba wa mbinguni atamdharau nani kati ya watoto wake wanaofika kwa kuchechemea?

Jumapili alfajiri, saa ya mbio ilipofika, baba yule aliamka kwa mazoea. Binti naye aliamka, akaomba chakula kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Jua lilipopanda wakatoka wote wawili kwenda kununua maziwa. Duka lilikuwa mwendo wa dakika tano. Walitumia karibu saa nzima, maana kila jiwe liliokotwa na kila kuku alisalimiwa. Baba alisema kwamba mahali fulani katikati ya njia aliacha kutazama saa yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Rafiki wa Dodoma hakuwa Mwadventista, na angekwenda kuchukua namba yake mwenyewe kwa vyovyote. Je, baba yule angekosea kumruhusu achukue na ya kwake? Zingatieni Kutoka 20:10 na moyo wa amri yenyewe.

2. Mama alimruhusu mumewe aendelee na safari. Katika familia zetu, ni nani ambaye kwa kawaida hushuka na mtoto mgonjwa? Mwanzo 33 inawaambia nini akina baba?

3. Ibada, makambi na mikutano ya kanisa lenu huendeshwa kwa mwendo wa nani? Wenye watoto wadogo, wazee na wagonjwa huachwa nyuma wapi? Taja badiliko moja ambalo darasa lenu linaweza kuanza kulifanya Sabato ijayo.

4. Je, kuna hatari ya kutumia udhaifu wa wengine kama kisingizio cha uvivu wetu? Tunaitofautishaje subira ya Yakobo na kukosa bidii ambako Paulo anakuonya?