Je, Mpakwa Mafuta Aweza Kuonywa?

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: Mkubwa amewekwa na Mungu, basi tufunge vinywa. Wengine wanajibu: Mkubwa akikosa si mkubwa tena, aondolewe hata kwa damu. Ndugu wasomaji, nani ana haki? Tuwatazame Waisraeli wa zamani, maana swali hili liliwasumbua miaka mingi.

Samweli alipokuwa mzee, wanawe Yoeli na Abiya walikuwa waamuzi huko Beer-Sheba, nao walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Wazee wa Israeli wakamwendea Samweli mjini Rama kudai mfalme, wawe kama mataifa mengine. Shida yao ilikuwa ya kweli, lakini dawa waliyoitaka ilikuwa na sumu ndani. Samweli akawaonya kwamba mfalme atawachukua vijana wao kwa magari yake ya vita, binti zao kwa jiko lake, na sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo yao. Hawakusikia.

Mungu akawapa mfalme. Lakini hakumpa mfalme watu wawe mali yake. Katika Kumbukumbu la Torati mfalme anakatazwa kujiongezea farasi, wake na dhahabu. Tena anaagizwa kuwa na nakala ya Sheria na kuisoma maisha yake yote, asije akajiona mkubwa kuliko ndugu zake. Basi mfalme wa Israeli alikuwa ndugu kati ya ndugu, naye alikuwa chini ya Sheria kama mchunga kondoo.

Sasa tumtazame Daudi. Saulo alikuwa akimwinda na watu 3.000, akaingia peke yake katika pango la Engedi, na kumbe Daudi alikuwa amejificha humo. Watu wake wakamshawishi amuue. Daudi akakata upindo wa vazi tu, akakataa kumgusa mpakwa mafuta wa Mungu. Je, alinyamaza? La. Alitoka pangoni, akainama mpaka chini kwa heshima, kisha akamweleza Saulo dhuluma yake mbele ya watu wote. Saulo akalia machozi. Mkono wa Daudi ulitulia, lakini kinywa chake kilisema kweli.

Baadaye Daudi mwenyewe akawa mfalme. Akamtwaa mke wa Uria, na Uria akauawa vitani kwa amri yake. Nabii Natani akamwendea na hadithi ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika sana. Ndipo Natani akamwambia kwamba mnyang'anyi huyo ni yeye. Mfalme angeweza kumwua nabii. Hakufanya hivyo, alikiri dhambi yake.

Lakini Roboamu, mjukuu wake, hakutaka kuonywa. Mnamo mwaka 930 hivi kabla ya Kristo, watu walikusanyika Sikemu, wakamwomba awapunguzie mzigo mzito waliotwishwa na baba yake Solomono. Wazee wakamshauri awatumikie watu. Yeye akafuata shauri la vijana wenzake, akaahidi mzigo mzito zaidi. Siku ile makabila kumi yakamwacha, na ufalme ukapasuka. Haukuunganika tena.

Basi jibu ni hili. Mungu hamchagui kiongozi kwa faida ya kiongozi, bali kwa faida ya watu. Kwa hiyo anayemwonya kwa heshima hapingi uchaguzi wa Mungu, anausaidia utimie. Na anayemsifu mkubwa katika uovu wake hampendi, anamsukuma shimoni.

Nasi tulio na watu chini yetu, nyumbani, shuleni, kazini au parokiani, tujiulize: Natani akibisha hodi leo, tutamfungulia mlango?