Jina Lako Ni Nani?

Somo: Mwanzo 27:18-24 na Mwanzo 32:22-31

Jumapili niliuliza ni wangapi hapa wana laini mbili za simu, ya Kenya na ya Uganda. Mikono ikajaa. Nikauliza, na vitambulisho viwili? Kimya. Halafu mkacheka. Basi sitamtaja mtu.

Sisi watu wa mpakani hatuwezi kuwa wageni kwa swali la "wewe ni nani." Hapa tunapoabudu, mpaka mwaka 1902, palihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakausogeza mpaka kwenye karatasi, na babu wa babu yako akaamka upande mwingine bila kuhamisha hata jiko. Mpaka leo Mteso wa Malaba ana ndugu ng'ambo, Msamia vilevile. Kwa hiyo tunajua karatasi siyo mtu. Lakini mtu ni nani sasa?

Dunia ya leo ina jibu lake. Mwaka 1637 Mfaransa mmoja, René Descartes, alitafuta kitu kimoja ambacho hakiwezi kutiliwa shaka, akakikuta ndani yake mwenyewe: kwamba yeye anafikiri. Hakuwa mpagani, tusimsingizie. Ila waliokuja nyuma yake waliendelea kuchimba hapo hapo, mpaka mtu akawa ndiye msingi wa kila kitu: jitafute, jitengeneze, usiambiwe na mtu. Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa kwamba bidhaa huuzwa na jina lake kuliko kilichomo kwenye katoni. Sawa. Baadaye mwalimu akasema kila mmoja wetu pia ni bidhaa, ajijengee jina. Nilikubali, na nilikaa miaka miwili nikijipiga picha za suti ya kuazima. Msicheke sana.

Wahubiri wengi hujibu hayo kwa John Mbiti, Mkenya mwenzetu, kasisi wa Kianglikana, ambaye kwenye kitabu chake cha 1969 alifundisha kwamba Mwafrika yupo kwa sababu watu wake wapo. Hapo tunapiga makofi na kukaa chini. Ni kweli, na mimi nampenda Mbiti. Lakini wapendwa, hata "sisi" inaweza kumvalisha mtu nguo ambayo siyo yake. Mtazameni Yakobo. Nani alimvalisha ngozi za mbuzi mikononi? Mamake! Mpango ulikuwa wa nyumbani kabisa. Babake kipofu akamuuliza yeye ni nani, akasema ni Esau. Akaulizwa tena, akashikilia. Baraka akapata, na miaka 20 akaishi kwa Labani kama mkimbizi.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililonipata mwezi huu. Mama mmoja, siyo wa tawi letu, aliniletea binti yake aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu. "Pasta, mwombee, ana pepo la kutoamini." Tulikaa na binti kwenye benchi nje ya jikoni. Amenikubalia niandike haya bila jina. Aliniambia: "Pasta, tangu nikiwa mdogo nikisimama kushuhudu, huwa natoa ushuhuda wa mama. Wangu siujui. Nimechoka kudanganya." Sikumwekea mikono. Nilimwambia mamake, pale pale mbele ya watu, kwamba sioni pepo, naona mtu anayesema ukweli. Mama aliondoka na hasira.

Huyo binti hayuko peke yake. Kwenye sensa ya 2019, Wakenya zaidi ya 700,000 walisema hawana dini. Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kumkiri Mungu Mwenyezi, kisha kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Wengine linawatisha hilo, mimi halinitishi. Kubatiza siyo kazi ya serikali. Charles Taylor, Mkatoliki wa Kanada, aliandika mwaka 2007 kwamba kilichobadilika siyo tu watu kuacha kuamini, ni kwamba kuamini kumekuwa chaguo moja kati ya mengine. Mtoto wako wa sekondari mwenye simu anajua hivyo tayari. Kumfokea hakutamrudisha kwenye wakati ambao hapakuwa na chaguo.

Sasa rudini Yaboki. Yakobo amevusha kila kitu, wake, watoto, mifugo, kama trela lililomaliza forodha. Yeye amebaki upande huu, usiku, peke yake. Hakuna mama, hakuna ngozi za mbuzi. Na yule anayeshindana naye anamuuliza swali lile lile la babake: jina lako nani? Mnadhani Mungu alikuwa hajui? Alitaka amsikie akilisema. Na safari hii akasema Yakobo. Yule mshika kisigino, mdanganyifu, ndiye mimi. Ndipo akapewa jina jipya. Hakujitungia, na ukoo haukumpa. Alipewa, na akaondoka akichechemea.

Kwa hiyo sitaki kumwambia yule binti ajitengeneze, wala sitaki avae tena nguo ya mamake. Yuko Yaboki. Ameshasema jina lake la kweli, na wengi wetu tuliookoka miaka 15 hatujafika hapo.

Wiki hii kwenye ushirika wa nyumbani, viongozi, msimlazimishe kijana yeyote kushuhudu. Akitaka kukaa nyuma kimya, akae. Akiuliza swali gumu, msikimbilie kukemea.

Na mimi mniombee Alhamisi. Naenda kwa yule mama kumwomba msamaha, maana nilichomwambia kilikuwa kweli lakini nilimwaibisha mbele ya watu, naye ndiye aliyemfundisha yule mtoto kuomba.